Fundi, mashine yangu yachemka

Kaskazi imelegea, hewa haitembei, na maswali yenu wiki hii karibu yote ni ya kompyuta za mezani zinazochemka. Nimeokota matano.

*Fundi, salaam. Nina saiba ndogo Kisauni. Mashine moja hujizima baada ya dakika kama kumi, tena wateja wakiwa foleni. Aliyeitazama asema ni joto la Mombasa, nifunge eisi. Ni kweli?*

Salaam aleikum. Usitoe hela bado, tupige hesabu kwanza. Mchana wa Machi hapa kwetu ni nyuzi 32 au 33, na Nairobi ni pungufu kwa sita au saba hivi. Prosesa, ule ubongo wa mashine, nayo hupanda karibu kwa kiasi hicho hicho: iliyokuwa ikifika 70 huko bara, hapa itafika 77. Prosesa nyingi za Intel huanza kujipunguza kasi zikikaribia 100, na kujizima ni juu ya hapo. Kwa hiyo kuna kitu kinakuongezea nyuzi ishirini na zaidi, na si jua.

Zima, chomoa waya ukutani, fungua ubavu wa kasha. Chungulia baina ya feni na mapezi ya hitisinki, kile chuma kilichokaa juu ya prosesa kuinyonya joto. Mara nyingi utakuta vumbi limelala kama blanketi, feni yazunguka vizuri lakini upepo haupiti. Vumbi la pwani lina unyevu na chumvi, hugandamana, kwa hiyo kupuliza kwa mdomo utaongeza mate tu. Tumia brashi laini ya rangi, kisha blowa, na feni uizuie kwa kidole. Ukiiacha izunguke ovyo kwa upepo wa blowa unaua beringi.

Halafu shika hitisinki uitikise taratibu. Ikicheza, umempata mwizi. Zile za Intel zinazokuja na prosesa hukaa kwa miguu minne ya plastiki, na mguu mmoja ukichomoka upande mmoja huinuka. Mashine za mitumba zinazoshuka bandarini nimezikuta hivyo mara nyingi, zimetikiswa safari nzima. Bonyeza miguu kona kwa kona mpaka ilie "ta". Kama ilikuwa imeinuka, pesti ya zamani (uji unaopakwa kati ya prosesa na hitisinki ili joto lipite) ifute upake mpya.

Ukifanya yote, joto likashuka lakini mashine bado inajizima, sasa ishuku pawa saplai, kile kisanduku kinachoilisha mashine umeme.

*Nitajuaje nyuzi ngapi? Kwenye Task Manager sioni.*

Joto la prosesa halionyeshwi hapo. Pakua Core Temp au HWiNFO, zote ni za bure. Mashine ikiwa imetulia, 40 hadi 50 kwa Mombasa ni sawa. Kwenye kazi nzito, 70 na kitu hadi 80 na kitu usipoteze usingizi. Ikigota 95 na kazi yenyewe ni kuandika barua tu, hapo kuna jambo. Ila wenye prosesa za AMD za Ryzen 7000 msinipigie kelele: hizo zimeundwa kufika 95 zikibanwa kazi.

*Kijana wangu asema dawa ya meno inatosha badala ya pesti. Nimruhusu? Mama wa Tudor.*

La, mama. Itapoza siku chache, maji yake yakauke, ibaki chokaa. Pesti ni bei ndogo. Ile ya zamani aifute kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, kisha atie tone kama punje ya choroko, katikati. Na kama ni Ryzen ya soketi (kikalio cha prosesa) ya AM4, aiwashe kwanza ipate moto, aizime na kuchomoa waya, kisha aizungushe hitisinki kidogo kabla ya kuinua. Pesti iliyokauka hung'oa prosesa nzima kutoka kwenye soketi, na pini zikipinda atakuja kwangu akilia.

*Nimeacha ubavu wazi na feni ya mezani inaipuliza. Joto limeshuka sana. Nibaki hivyo?*

Kama kipimo, vizuri: umejua kwamba kasha halipati hewa. Kama maisha, hapana. Unaingiza chumvi ya bahari moja kwa moja kwenye madabodi, ile bodi kuu ya mashine. Isogeze kutoka ukutani, kisha uongeze feni ya nyuma inayotoa hewa nje.

*Nimefunga hitisinki mpya kabisa, kubwa, lakini haipiti dakika moja ishafika 100. Je, wameniuzia bandia? Majengo.*

Ifungue uitazame tako lake. Kuna kikaratasi cha plastiki kinachong'aa, wakati mwingine kimeandikwa kibanduliwe. Hukukibandua, sivyo? Kitoe, futa pesti, paka upya. Usione haya ndugu yangu, mimi nilishawahi kumrudishia mteja mashine na kile kikaratasi kiko ndani, akairudisha kabla ya adhuhuri.