Jibu: Baba katoka hospitali baada ya shambulio la moyo, hataki kuinuka

Pole dada, na mzee mpe pole. Nimekuelewa: amewekewa stenti (kijibomba cha wavu kinachoshikilia mshipa wa moyo ubaki wazi), karuhusiwa, sasa hatoki kitandani akihofia moyo utasimama.

Kwanza angalia dawa. Hesabu vidonge vya aspirini na klopidogreli (dawa za kuzuia damu kuganda) vilivyobaki. Baba yangu naye aliwekewa stenti, na alipopata nafuu alianza kuviruka kimyakimya, na stenti changa ikikosa hizo dawa inaweza kuziba ghafla. Klopidogreli mara nyingi huenda hadi miezi 12. Asiache mpaka daktari aseme.

Kutembea tulianzia uani, dakika 5 asubuhi na jioni, tukaongeza taratibu. Akishindwa kuongea huku anatembea, anapumzika. Kama moyo wa mzee wako umedhoofika sana, dakika zangu usizifuate, muulize daktari. Maumivu ya kifua yakirudi, msisubiri kuche.

Hofu ndiyo ilitusumbua zaidi. Mzee hasemi ana huzuni, anasema chakula hakina ladha (kweli, bila chumvi hakina!). Huzuni hiyo isemeni mkiwa kliniki, ina tiba. Kilichomtoa baba yangu ndani ni mzee mwenzake waliyekutana benchi la kliniki, naye ana stenti. Siku hizi wanapigiana simu kuulizana nani kala chipsi.