Kwa nini ndege huanguka ziwani ilhali uwanja uko mbele?

Ndugu yangu, umeuliza ndege inawezaje kuangukia majini, kama ile ya Bukoba ya tarehe 6 Novemba 2022, ilhali njia ya kurukia iko mbele yake tu. Sisi wa Mwanza tunalijua ziwa la asubuhi ya mvua: maji na mawingu hushika rangi moja ya kijivu, hata huwezi kuonyesha kwa kidole yanapoachana. Rubani anayekuja juu ya maji hayo hana mti wala paa la kupimia kimo, na macho yanaweza kumdanganya kwamba yuko juu zaidi, akashuka mno. Kosa baya zaidi, kwa maoni yangu, ni kuinua pua ili afike uwanjani bila kuongeza nguvu ya injini, kwa kuwa mwendo hupungua na ndege huzidi kuzama. Penye taa nne kando ya njia, zote zikiwa nyekundu yuko chini mno, na ni heri aghairi kutua. Bukoba tulipoteza watu 19 kati ya 43, na wavuvi wenye mitumbwi ndio waliotangulia kuokoa.