Radiogramu ya marehemu baba inavuma na sindano haitoi sauti: nianzie wapi?

SWALI: Assalamu alaykum fundi. Niko Wete. Marehemu baba katuachia radiogramu ya Kijerumani ya vali (zile taa za kioo za redio za zamani), redio na santuri ndani ya sanduku moja la mbao. Imekaa ghalani pamoja na magunia ya karafuu zaidi ya miaka 20. Juzi tuliichomeka. Taa zikawaka, baada ya kama nusu dakika ikaanza kuvuma, kisha ikaja harufu ya nta inayoungua, tukazima. Meza ya sahani inazunguka kwa kujivuta, ukiweka sahani inasimama, na sindano haitoi sauti hata kidogo. Fundi wa hapa anataka kutoa vyote vya ndani aweke ampu ya bluetuthi. Mimi najua kulehemu, natengeneza feni na redio ndogo. Naweza kuifanya mwenyewe? Tunazo sahani za Siti binti Saad alizoacha bibi.

JIBU: Waalaykum salaam ndugu yangu, na Mungu amrehemu mzee.

Usikubali kutolewa vitu vya ndani. Ampu hizo za bei rahisi hazipatani na sindano za santuri za zamani. Kichwa cha aina hiyo, yaani kile kinachoshika sindano, kinataka kupokewa na saketi yenye ukinzani mkubwa, kuanzia nusu mega-ohm kwenda juu. Ukikiunganisha na ampu ya bluetuthi besi yote inapotea, sauti inabaki nyembamba kama ya simu. Saketi ya vali uliyonayo ilitengenezwa kwa ajili ya kichwa hicho hasa.

Lakini usiichomeke tena kwanza. Mvumo ulichelewa nusu dakika kwa sababu vali lazima zipate moto ndipo umeme mkubwa utoke, na umeme huo ni volti 250 hadi 300 za DC. Unaua. Tena kapasita kubwa zinabaki nao hata plagi ukiwa umeishika mkononi. Kila unapofungua, lehemu rezista ya kilo-ohm 10 ya wati 5 kwenye waya mbili zilizofunikwa vizuri, gusisha kati ya chanya ya kapasita na chasisi (bati la chuma linaloshika vifaa) kwa sekunde kadhaa, kisha pima kwa mita mpaka uone chini ya volti 10. Vaa viatu, usisimame miguu mitupu juu ya sakafu ya saruji, na usifanye kazi hii peke yako nyumbani.

Soma pia namba za vali. Zikianza na herufi E, kama EL84, vizuri. Zikianza na U, kama UL84, basi aghalabu chasisi yenyewe imeungana na umeme wa ukutani. Hapo simama, tafuta fundi aliyezizoea.

Sasa harufu ya nta. Ama ni kapasita za karatasi, ambazo zilitiwa nta zamani, ama ni transfoma. Kuzitenganisha ni rahisi. Chomoa vali ya rektifaya, ile inayogeuza umeme wa AC kuwa DC, iliyoandikwa EZ80 au EZ81, uhakikishe mota ya santuri imezimwa, kisha ipitishie radiogramu umeme kupitia balbu ya wati 60 iliyofungwa kwa mfululizo kwenye waya mmoja. Iwe balbu ya zamani yenye uzi, siyo ya LED. Ikiwaka kwa nguvu kisha ikafifia, transfoma ni nzima. Ikibaki inang'ara, transfoma ina shoti. Kabla ya hapo angalia nyuma kwenye kichaguzi cha volti, kiwe 220 au 240, kisiwe 110 wala 127.

Mvumo wenyewe ni kapasita za kuchuja umeme, zimekauka. Mara nyingi ni kopo moja la alumini lenye mbili ndani, kama mikrofaradi 50 na 50 za volti 350. Tia mpya mbili za mikrofaradi 47 za volti 450, uangalie chanya na hasi. Usidhani kubwa zaidi ni bora: EZ80 haivumilii zaidi ya mikrofaradi 50 kwenye kapasita ya kwanza.

Kuna moja ndogo ambayo ukiisahau itakutia hasara. Ni kapasita inayoingia kwenye pini namba 2 ya EL84, vali inayosukuma spika. Ya karatasi ikizeeka inavujisha umeme wa DC, vali inapata moto kupita kiasi, na transfoma ya spika inaungua. Transfoma hiyo kuipata leo ni kazi ngumu. Usihangaike kuipima, itoe tu, weka ya filamu yenye thamani ileile ya volti 630. Ukikosa Darajani, agiza Kariakoo.

Meza ya sahani haina uchawi. Ondoa kibanio cha katikati, inyanyue, utaona gurudumu la raba linalogusa mota kwa upande mmoja na ukingo wa meza kwa upande wa pili. Limekuwa gumu na lina mafuta. Lifute kwa spiriti, lipitishie msasa laini kidogo, na lisikae limebanwa wakati hutumii, litafanya bonde. Grisi ya kwenye mhimili ishakuwa gundi, isafishe yote utie tone moja la mafuta ya cherehani. Nakuomba usitie mafuta ya kupikia. Nimeshasafisha nyingi zilizotiwa.

Tuje kwenye sindano, maana hapa ndipo visiwa vyetu vinapoumiza santuri. Ndani ya kichwa cha zamani mna kipande cha fuwele ya chumvi maalumu, kikipindwa na mtikisiko wa sindano kinatoa umeme. Chumvi hiyo inanyonya maji. Mwezi uliopita nilipasua kimoja kilichotoka nyumba ya Malindi, hapa Unguja: badala ya kijiti kigumu nikakuta uji mweupe, laini, wenye chembechembe, kama chumvi ya jikoni wakati wa masika. Hakuna cha kukitengeneza. Kama chako kiko hivyo, na kwa miaka 20 ya ghala sina shaka, nunua kichwa cha kauri, wale wanaouza santuri mpya za sanduku wanavyo. Kikiwa cha stirio, unganisha kushoto na kulia pamoja.

Angalia jambo moja. Kichwa kipya kinakuja na sindano ya sahani za 33 na 45. Za Siti, aliyeanza kurekodi Bombay mwaka 1928, ni za mizunguko 78, na mfereji wake ni mpana karibu mara tatu. Sindano nyembamba inalala chini kabisa ya mfereji, inatoa kelele tu na kuukwangua. Agiza sindano ya 78 iliyoandikwa hivyo. Na sahani hizo usizisafishe kwa spiriti kama raba. Zimetengenezwa kwa sheleki, na spiriti inayeyusha sheleki; utaona weusi unabaki kwenye pamba, na huo ndio wimbo wenyewe. Tumia maji safi, tone la sabuni ya maji, kitambaa laini, usilowanishe karatasi ya katikati, kisha zikaushe kivulini zikiwa zimesimama.

Anza na transfoma na kapasita, santuri iache mwisho. Ukishabadilisha kapasita hizo tatu, rudisha vali ya rektifaya, kisha pima volti za DC kwenye pini namba 2 ya EL84, mita ikiwa imefungwa kabla ya kuwasha. Inatakiwa sifuri. Ukisoma hata volti moja chanya, zima palepale, uniandikie pamoja na namba za vali zote.