Maji yaliingia kupitia bafuni

Nilipanga viroba vya mchanga mlangoni, nikaenda kulala nikiamini nimejikinga na mafuriko. Usiku nikashtuliwa na mlio wa gurugurugu. Maji meusi yalikuwa yanapanda kutoka kwenye tundu la bafu, ndala zangu zinaelea kuelekea sebuleni. Bomba la majitaka la mtaa lilikuwa limefurika, basi maji yakarudi ndani kwa njia ileile tunayotolea uchafu.

Kama unakaa bondeni, fikiria matundu kabla ya mlango. Mchanga uliofungwa ndani ya mfuko wa plastiki na kudidimizwa kwenye tundu la bafu na la choo unasaidia sana. Mwenye uwezo amwite fundi aweke vali ya kuzuia maji kurudi.

Umeme nao uzimwe kwenye swichi kuu maji yakiwa bado nje. Mimi nilichelewa: yalishafika kifundoni, na soketi zangu ziko chini ukutani. Nikikumbuka natetemeka. Ukishachelewa, usiyakanyage maji kwenda kuzima, watoe watu kwanza. Na uhame mapema, kwa sababu maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, na ya sentimita 60 hubeba magari mengi. Isitoshe, ndani ya maji ya tope huwezi kuona mfuniko wa chemba uliong'oka.

Yakipungua, vaa buti na glavu, tupa chakula kilichoguswa na maji, chemsha ya kunywa. Kipindupindu na homa ya mgunda, ile inayoenezwa na mkojo wa wanyama kama panya, huja baada ya mvua kukatika.

Wiki mbili baadaye nilikaa nikapiga hesabu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Paa langu lina mita za mraba 80. Mvua ya milimita 50 ni lita 4,000, nami nilikuwa nazimwaga zote barabarani. Ua nao niliusakafia zege mwenyewe, hakuna tone linalozama. Zidisha kwa nyumba zote za mtaa. Hapo ndipo nilipoacha kuulaumu mtaro peke yake.

Tulivunja zege, tukabakiza njia ya kupita, kwingine tukapanda nyasi. Maji ya paa yanaingia kwenye tangi, na yakizidi yanaelekea kwenye shimo la mawe na kokoto, mbali na msingi wa nyumba. Ila kumbuka: tangi lililojaa halipunguzi mafuriko hata kidogo. Nikisikia utabiri wa mvua kubwa, nalifungulia taratibu siku moja kabla.

Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, ilipopata mvua ya zaidi ya milimita 100 kwa saa chache tarehe 2 Julai 2011, haikutegemea mabomba makubwa tu. Mpango wake wa 2012 ulizipa bustani na baadhi ya barabara kazi ya kushika maji kwa muda. Ndiyo maana kila kikao cha mtaa nasimama kuomba kiwanja chetu cha bondeni kisijengwe.

Mtaro tunauzibua wenyewe kabla ya msimu. Mwaka wa kwanza tope tuliliacha ukingoni, mvua ya kwanza ikalirudisha lote ndani. Sasa halilali pale, linabebwa siku hiyohiyo.