Chakula na mvinyo kwenye meli ya mto Danube

Shikamoo mama. Umeuliza kutoka Lamu utakula nini kwenye meli ya Danube aliyokukatia tiketi mwanao, na mvinyo utaukwepaje. Njaa usiiogope. Asubuhi na mchana kwa kawaida ni bufee, mayai, mikate, jibini, matunda. Jioni unaketi, unachagua, na mara nyingi samaki yumo.

La kuangaliwa ni halali. Nguruwe si wa soseji tu. Gulashi, mchuzi wa nyama wa Hungaria, kwa mfano, vitunguu vyake huweza kukaangwa kwa mafuta ya nguruwe, kisha mchuzi ukatiwa mvinyo mwekundu, nawe ukiitazama unaona nyama ya ng'ombe. Kwa hiyo mwanao aiandikie kampuni sasa hivi, asingoje siku ya kupanda: jiko la meli za mtoni ni dogo na vitu hununuliwa mapema. Aandike wazi kwamba huli nguruwe wala chakula kilichotiwa pombe. Nyama iliyochinjwa kihalali usiitegemee, shika samaki na mboga.

Mvinyo wa mezani kampuni nyingi huuingiza kwenye nauli, ndiyo maana mhudumu hupitapita akimimina. Mwambie tu aiondoe glasi yako, wamezoea. Mkifika bonde la Wachau, Austria, mizabibu imepanda vilima kwa matuta na wenzako huenda wakapelekwa kuonja. Nenda nao ukaone, lakini wewe omba juisi ya aprikoti, tunda linalosifika sana hapo.

Chakula chao kimepoa viungo, mama. Beba achari yako ya embe, uifunge vizuri.