Kurusha glaida kwa winchi: tazama uzi kabla ya mota

Wengi wakitaka glaida yao ya modeli, yaani ndege ndogo isiyo na injini, ipande juu zaidi hukimbilia mota kubwa ya winchi, mashine ya chini inayoivuta ndege kwa kukunja uzi kwenye dramu. Mimi naona mota ndiyo ya mwisho kubadilishwa. Kazi ya winchi ni kuipa ndege kasi. Anayeinua ni bawa, nalo hubeba mzigo ambao mtu aliye chini haoni.

Chukua glaida ya kilo 2.5. Uzito wake ni kama nyutoni 25. Uzi ukiivuta kuelekea chini kwa nyutoni 150, bawa lazima litoe 175, yaani mara saba ya uzito wa ndege yenyewe. Ndiyo maana mabawa huvunjika katikati wakati wa kupanda, si wakati wa kutua. Bawa la mita za mraba 0.6, flapu (vibao vya ukingo wa nyuma wa bawa) zikiwa zimeshushwa, hufikia kani hiyo kwa kasi ya mita 22 hivi kwa sekunde ukiwa pwani. Nairobi, takriban mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa asilimia 15 hivi, kwa hiyo unahitaji karibu mita 24 kwa sekunde. Anayehamisha vipimo vya Mombasa kwenda Nairobi bila kuongeza kasi hushangaa ndege ikilegea mapema.

Sasa uzi. Mpangilio wa kawaida ni winchi upande mmoja wa uwanja, roda (gurudumu linalogeuza uzi) umbali wa mita 200, na uzi wa nailoni unaokwenda na kurudi, jumla mita 400. Nailoni huvutika, na huko ndiko utajiri uliko. Ukirefuka mita 20 chini ya mvuto wa nyutoni 150, umehifadhi jouli 1,500 hivi, nishati ya kuinua kilo 2.5 kwa mita 60. Sehemu yake hupotea kwenye ukinzani wa hewa, lakini inayobaki ni nyingi. Kwa hiyo kaza uzi kabla ya kuachia, hadi anayeshika ndege aone taabu kuizuia. Arushe kwa nguvu, pua ikiwa juu kidogo. Usivute elevata, kibao cha mkia kinachoinua pua, mpaka kasi ishike. Baada ya hapo gusagusa pedali ya kuwasha winchi, uzi ubaki umekaza bila kutoa mlio.

Kulabu ya ndege inayoshika uzi ianze milimita 10 mbele ya kitovu cha uzito. Ikiwa nyuma mno, mvuto wa uzi huinua pua na ndege huyumba kulia na kushoto mpaka bawa moja lipoteze mnyanyuo. Ikiwa mbele mno, ndege hupanda kwa mteremko mdogo na kuacha urefu mwingi uwanjani. Rudisha nyuma milimita 2 kila mara, si zaidi.

Ndege ikifika karibu juu ya roda, pua ishushwe kwa muda mfupi huku winchi ikivuta, kasi ipande, kisha elevata ivutwe, uzi uchomoke na ndege iruke juu. Kutoka mita 30 kwa sekunde hadi 10 ni faida ya mita 40 kwa hesabu, pungufu kidogo angani. Flapu zirudishwe juu kabla ya mruko huo, la sivyo ukinzani utaila faida yote.

Upande wa umeme, nyutoni 150 kwa mita 8 kwa sekunde ni wati 1,200. Stata ya gari, inayotumika kama mota ya winchi, hupoteza karibu nusu, hivyo betri ya volti 12 hutoa ampea 200 hivi. Ukinzani wa omu 0.01 tu kwenye nyaya na viungio hula volti 2. Safisha vichwa vya betri na tumia nyaya nene, fupi.

Kigingi cha roda hudharauliwa sana. Wakati wa kuanza, uzi unaivuta roda kutoka pande zake mbili kuelekea winchi, hivyo nyutoni 150 huwa 300. Ndege ikiwa juu, uzi mmoja hukivuta kigingi kwenda juu. Tumia chuma cha sentimita 50, kipigiliwe kikiinama mbali na winchi, kwa sababu kikichomoka huruka kuelekea kwa watu. Watazamaji wakae mbali na mstari wa uzi. Uzi uliochubuka au uliopauka kwa jua ubadilishwe wote, kwani kila fundo hupunguza nguvu yake. Na kabla ya mkono kugusa dramu, betri itenganishwe.