Maswali na Majibu: Kusoma uchumi katika vyuo vidogo vya Marekani

Safari hii tumejibu barua za wasomaji wanaochagua kati ya vyuo vya sanaa huria vya Marekani. Hivi ni vyuo vidogo, vingi vina wanafunzi chini ya 3,000, na kazi yao kubwa ni shahada ya kwanza. Waandishi wa barua hizi wote wanataka kusoma uchumi, na wote ni wanafunzi wa kigeni. Barua tumezifupisha.

Nimekubaliwa vyuo viwili. Cha kwanza gharama yake yote ni dola 84,000 kwa mwaka, nacho kimenipa skolashipu ya dola 50,000 kila mwaka kwa miaka minne. Cha pili gharama ni dola 88,000 na kimenipa msaada wa dola 52,500 kulingana na uwezo wa familia. Ndani yake dola 2,500 ni kazi ya chuoni. Baba anasema cha kwanza ni nafuu kwa dola 1,500. Ni kweli?

Kwa mwaka wa kwanza, kweli. Shida iko kwenye miaka mitatu inayofuata. Skolashipu ya kiasi kisichobadilika haipandi, ila ada hupanda karibu kila mwaka. Tuseme gharama zinapanda kwa asilimia 4: dola 84,000 zitakuwa 87,360, kisha 90,854, kisha 94,489. Toa 50,000 kila mwaka, na familia italipa 34,000, 37,360, 40,854 na 44,489. Jumla ni dola 156,703, wakati ukizidisha tu mwaka wa kwanza mara nne unapata 136,000.

Chuo cha pili hukokotoa upya kila mwaka uwezo wa familia. Kipato kikibaki kilivyo, mchango wenu hubaki karibu na 35,500 na ongezeko la ada hubebwa na chuo. Miaka minne ni kama 142,000. Lakini kipato kikipanda, au ndugu yako anayesoma chuo akihitimu, mchango nao unaweza kupanda. Kwa hiyo waandikie barua pepe ofisi za misaada ya fedha za vyuo vyote viwili na uulize mambo matatu: msaada unaongezeka ada ikiongezeka? Kuna wastani wa alama ninaotakiwa kuushikilia ili nisiupoteze? Nikienda kusoma muhula mmoja nchi nyingine, msaada unanifuata? Majibu uyapate kwa maandishi. Ya kwenye simu hayana mwenyewe.

Zile dola 2,500 za kazi hazikatwi kwenye ankara ya Agosti. Ni ujira, unalipwa baada ya kufanya kazi, na utaishia kwenye vitabu, sabuni na nauli. Kwa mfano wa dola 14 kwa saa, unahitaji takriban saa 180 kwa mwaka, yaani saa sita hivi kwa wiki. Hilo linawezekana bila kuumia, na liko mbali na kikomo cha saa 20 kwa wiki ambacho viza ya F-1, yaani viza ya mwanafunzi, inaruhusu kwa kazi za ndani ya chuo wakati wa masomo.

Angalia pia kama bima ya afya imehesabiwa kwenye gharama, na kama mabweni hufungwa likizo ya Desemba. Mwanafunzi ambaye hawezi kwenda kwao kwa wiki nne na bweni limefungwa hujikuta analipia chumba ambacho hakukipangia bajeti.

Binti yangu amepata ufadhili wa asilimia mia. Sasa rafiki zake waliotangulia wanamwambia kuna kodi. Kodi ya nini tena, na fedha zenyewe hatuzishiki?

Ipo, mama, na ni vizuri mmesikia mapema. Sheria ya kodi ya Marekani haitozi sehemu ya ufadhili inayolipa ada, michango ya lazima na vitabu vinavyotakiwa darasani. Sehemu inayolipa malazi na chakula huhesabiwa kuwa kipato. Kwa mwenye viza ya F-1 ambaye bado si mkazi kikodi, chuo hukata asilimia 14 ya sehemu hiyo, isipokuwa kama nchi yake ina mkataba wa kodi na Marekani unaomsamehe.

Tuseme malazi na chakula ni dola 18,000 kwa mwaka. Kodi ni dola 2,520, na itajitokeza kwenye akaunti yake ya chuo kama deni la 1,260 kila muhula. Asipolilipa, vyuo vingi humzuia kujisajili masomo ya muhula unaofuata. Hapo ndipo wengi hushtukia, mwezi wa Novemba, kozi zinajaa na wao wamefungiwa nje ya mfumo.

Muulizeni mhusika wa misaada: kodi hii chuo kinaibeba au ni yetu? Baadhi hubeba. Mwaka unaofuata atapewa fomu 1042-S inayoonyesha kipato na kodi iliyokatwa, naye atajaza 1040-NR (ritani ya kodi) pamoja na 8843 (tamko la siku alizokaa Marekani) kabla ya Aprili 15. Sehemu ya kodi inaweza kurudi. Asiyejaza hapati kitu.

Nataka hatimaye kufanya udaktari wa falsafa katika uchumi. Vyuo vyote vinaandika maneno yale yale: madarasa madogo, walimu wa karibu. Nitofautishe vipi?

Acha kurasa za matangazo, fungua ratiba za masomo. Vyuo vingi huziweka mtandaoni. Chukua za mihula minne iliyopita na usome kama mkaguzi.

Anza na hisabati, kwa sababu kamati za udaktari wa uchumi huanzia hapo. Utahitaji kalkulasi mpaka ya vigeu vingi, aljebra ya mstari, nadharia ya uwezekano, na uchanganuzi wa namba halisi, lile somo la kuthibitisha kwa hoja kile ulichokuwa ukikokotoa tu. Hili la mwisho ndilo kikwazo kwenye chuo kidogo. Idara yenye walimu wachache wa hisabati inaweza kulifundisha mara moja kwa mwaka, au hata mwaka mmoja ndiyo na mwingine hapana. Likiangukia muhula ule ule uliopanga kusoma nje, umelikosa mpaka mwaka wa nne, na maombi ya udaktari hutumwa Desemba ya mwaka huo huo kabla alama haijatoka.

Kisha tazama uchumi wenyewe. Maikroekonomiki na makroekonomiki za ngazi ya kati, na ekonometriki (takwimu za kiuchumi), unapaswa uweze kuzimaliza mwisho wa mwaka wa pili au mapema mwaka wa tatu. Angalia kila moja ina mikondo mingapi kwa muhula na viti vingapi kila mkondo, kisha linganisha na idadi ya wanaohitimu uchumi kila mwaka. Uchumi hujaza madarasa kuliko fani nyingi katika vyuo hivi. Chuo kinachojisifu kwa darasa la watu 15 huenda kinazungumzia falsafa, huku maikroekonomiki ya kati ikiwa na watu 35 na wengine kumi kwenye orodha ya kusubiri. Tazama pia kama ekonometriki inadai kalkulasi na aljebra ya mstari au inaishia kubonyeza programu ya takwimu.

Walimu nao huenda likizo ya utafiti. Idara ya watu 12 ikiwa na watatu likizoni, kozi za juu hupungua waziwazi. Kama unakwenda kwa ajili ya mwalimu wa uchumi wa maendeleo, mwandikie mkuu wa idara umuulize ni nani atafundisha kozi hiyo miaka miwili ijayo.

Vyuo vyenyewe havifanani. Swarthmore ina programu ya heshima (honors) iliyoanza mwaka 1922, ambapo watahini kutoka nje ya chuo ndio wanaokuhoji mwishoni. Williams ina madarasa ya wanafunzi wawili na mwalimu mmoja, mmoja akiandika insha na mwenzake akiikosoa, kila wiki kwa zamu. Tena ina kituo cha uchumi wa maendeleo kinachotoa shahada ya uzamili kwa wachumi wa serikali za nchi zinazoendelea, kwa hiyo wataalamu hao wako pale pale chuoni. Amherst haina orodha ya masomo ya lazima nje ya fani yako, isipokuwa semina moja ya mwaka wa kwanza, na mwanafunzi wake anaweza kuchukua kozi katika vyuo vinne jirani, kikiwemo Chuo Kikuu cha Massachusetts chenye kozi za uzamili. Hilo la mwisho lina uzito kwako: ukimaliza kozi za chuo chako mwaka wa tatu, uwe na pa kwenda.

Kwa anayetaka benki au ushauri wa biashara, nusu ya haya hayamhusu. Yeye aulize ni kampuni zipi zilizokuja chuoni mwaka uliopita na ngapi kati yake huajiri wenye F-1.

Nasikia shahada ya uchumi ya chuo kimoja inakupa miaka mitatu ya kufanya kazi Marekani na ya chuo kingine mwaka mmoja. Inakuwaje?

Inategemea namba. Kila fani husajiliwa kwa namba ya CIP, mfumo wa serikali ya Marekani wa kuainisha fani, na namba hiyo huandikwa kwenye fomu yako ya I-20, ile chuo kinayokupa ili uombe viza. Uchumi wa jumla ni 45.0601. Ekonometriki na uchumi wa kiasi ni 45.0603, nayo imo kwenye orodha ya fani za STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati). Wahitimu wa namba zote mbili wanaweza kuomba OPT, yaani kibali cha kufanya kazi ya fani yao Marekani, cha miezi 12 baada ya kuhitimu, ila wa 45.0603 anaweza kuomba nyongeza ya miezi 24. Jina la fani halikuambii kitu; vyuo viwili vyote vinaweza kuandika "Uchumi" kwenye cheti. Uliza ofisi ya wanafunzi wa kigeni namba ni ipi leo. Kusikia kwamba idara "inafikiria kubadilisha" kusikushawishi.

Nyongeza hiyo ina masharti: mwajiri awe amejisajili E-Verify (mfumo wa serikali wa kuhakiki vibali vya wafanyakazi), mjaze naye mpango wa mafunzo wa fomu I-983, na kazi ihusiane na fani. Katika ile miezi 12 ya kwanza, siku za kukaa bila kazi zisizidi 90 kwa jumla. Maombi ya OPT hupokelewa kuanzia siku 90 kabla ya kumaliza masomo hadi siku 60 baada yake. Tuma mapema, maana kadi ya kibali cha kazi huchukua muda na huwezi kuanza kazi bila hiyo.

Kuna jambo ambalo wachache huliuliza: kibali cha CPT, kinachokuruhusu kufanya mafunzo ya kazi ya kulipwa nje ya chuo kabla ya kuhitimu, kwa kawaida baada ya mwaka mzima wa masomo. CPT lazima iwe sehemu ya mtaala. Vyuo vingine vya sanaa huria havina kozi ya mafunzo kazini, hivyo CPT huwa ngumu kupata. Mwanafunzi hulazimika kutumia OPT yake mapema, na wiki kumi za kiangazi za kazi ya kutwa ni wiki kumi zilizotolewa kwenye ile miezi 12. Waulize wazi: mwanafunzi wa uchumi anapata CPT, na kwa kozi gani?

Jedwali za mishahara ya wahitimu nizitegemee?

Kidogo sana. Zile za College Scorecard, tovuti ya serikali ya Marekani ya takwimu za vyuo, zinahesabu waliopokea misaada ya shirikisho, ambayo mwenye F-1 haipati. Watu kama wewe hawamo humo. Tafuta badala yake hati ya takwimu iitwayo Common Data Set ya kila chuo, kipengele H6: kinaonyesha ni wanafunzi wangapi wa kigeni walipata msaada na wastani wake.

Naweza kulipia nafasi vyuo viwili wakati nasubiri viza?

Usifanye hivyo. Tarehe ya mwisho huwa Mei 1, na vyuo vikigundua umelipia viwili vinaweza kukufutia vyote. Kubaki kwenye orodha ya kusubiri ya chuo kingine kunaruhusiwa. Lipia kimoja, peleka taarifa za benki siku hiyo hiyo ili I-20 itoke, kisha lipa ada ya SEVIS (mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni) ya dola 350 na uchukue miadi ya ubalozi. Majina kwenye I-20, pasipoti na risiti ya SEVIS yafanane herufi kwa herufi. Yakitofautiana, omba I-20 irekebishwe kabla ya siku ya mahojiano.